Siku zako za kwanza hosteli, Mtwara: mwongozo wa mwanafunzi mgeni

Kuanzia Septemba hadi Novemba, Mtwara hupokea wageni wa aina mbili: wanaofuata korosho na wanaofuata vyuo. Haya ninayoandika ni ya hao wa pili. Uwe umepangiwa Stella Maris, Taasisi ya Uhasibu, Chuo cha Utumishi wa Umma, vyuo vya ualimu, chuo cha afya au VETA, taratibu za ofisi zitatofautiana, ila maisha ya chumbani ni yale yale.

Niliwahi kuwa waziri wa malazi katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa mjini. Watu walikuwa wakinigongea mlango usiku, na kesi walizoleta hazikuwa za ada wala mitihani. Mmoja katumia ndoo ya mwenzake ya maji. Mwingine kawasha taa saa nane usiku. Mwingine kaleta mgeni wa usiku mmoja, na leo ni siku ya nne. Watoto wa watu wenye tabia nzuri kabisa walikuwa hawasemeshani kwa sababu hakuna aliyesema chochote siku ya kwanza. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mambo ambayo chuo kitakueleza chenyewe, na nitakaa zaidi kwenye yale ambayo hakuna ofisi itakayokueleza.

Kabla hujatoka nyumbani

Soma maelekezo ya kujiunga yote, hadi ukurasa wa mwisho. Unatafuta majibu ya maswali matatu: chumba kinaombwa au unapangiwa moja kwa moja, godoro unalikuta au unakuja nalo, na mwisho wa kulipia malazi ni lini. Vitanda huisha, na anayechelewa kulipa hubaki kwenye orodha ya kusubiri. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na chuo, basi. Mtu akikutumia namba yake ya simu akisema atakushikia chumba, huyo ni tapeli, hata kama picha yake ya WhatsApp ina nembo ya chuo.

Weka kwenye bahasha moja ngumu: barua ya udahili, vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, fomu ya uchunguzi wa afya iliyogongwa muhuri wa hospitali, stakabadhi za malipo na picha za paspoti. Toa kopi za kila kitu. Kisha piga picha kila karatasi ujitumie kwenye barua pepe, maana bahasha hupotea na simu huibiwa. Hakikisha pia jina lako linasomeka sawasawa kwenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na NIDA. Kama halilingani, tengeneza hati ya kiapo ukiwa bado nyumbani, karibu na wazazi na karatasi za zamani. Ukiacha hadi ufike huku utahangaika kwa simu wiki nzima.

Kuhusu mzigo, kumbuka unakuja pwani. Joto la Mtwara hupanda hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Anayetoka Njombe, Lushoto au Ngara asibebe blanketi zito. Shuka mbili za pamba na kanga au kikoi vinatosha. Beba nguo nyepesi, kandambili, ndoo yenye mfuniko, kufuli mbili, taa ndogo ya kuchaji na chandarua. Godoro usipakie kwenye basi kutoka mbali. Utalipia mzigo bure, halafu likifika unaweza kukuta halienei kitandani. Magodoro yapo madukani mjini.

Fedha ndiyo huwakwamisha wengi. Kama umepata mkopo wa Bodi, fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi tunaiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini hutaikuta getini. Inatoka baada ya kusajiliwa, jina kuonekana kwenye orodha na wewe kusaini. Njoo na fedha ya kula mwezi mzima bila kuihesabu bumu. Kama nyumbani hawawezi mwezi mzima, waambie ukweli mapema ili ndugu wachangishane, kuliko kuanza chuo kwa mikopo ya kwenye simu.

Safari

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilometa zipatazo 560, safari ya kutwa. Utapita Kibiti na Ikwiriri, utavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 (kabla ya hapo watu walikuwa wakisubiri kivuko pale Ndundu), kisha Somanga, Nangurukuru, na Mingoyo ambapo barabara ya Masasi inaachana na ya Mtwara. Wa Ruvuma, Njombe na Mbeya hawana haja ya kuzungukia Dar. Kuna lami kutoka Songea kupita Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi Mtwara.

Kama muhula wako unaanza kati ya Machi na Mei, jipe siku mbili za ziada. Mei 2024, mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, na abiria walikwama njiani. Chukua maji, chakula kisichoharibika na fedha kidogo mfukoni, mbali na ile ya begi.

Panga kufika mchana, siku ya kazi. Anayefika Jumamosi usiku hukuta ofisi zimefungwa na hulazimika kulipia gesti hadi Jumatatu. Na msimu wa korosho ukichanganya, gesti za mjini hujaa.

Siku ya kufika: chumba kwanza, usajili baadaye

Ofisini watakuambia uanze na usajili. Ni sawa, lakini kama foleni ni ndefu na ofisi ya malazi iko wazi, nenda malazi kwanza na stakabadhi yako. Foleni ya usajili utaikuta kesho. Kitanda kizuri hutakikuta.

Ukifika kwa matroni au patroni, salimia vizuri kabla ya kutoa shida yako. Huyu ndiye mtu atakayekufungulia mlango ukipoteza ufunguo na atakayekupeleka hospitali ukizidiwa usiku. Shikamoo ya siku ya kwanza hukumbukwa.

Akikukabidhi chumba, usisaini fomu ukiwa bado ofisini. Ingia naye au na msaidizi wake, ukague:

- Kitasa na ufunguo: funga na ufungue mara mbili tatu, kwa ndani na kwa nje.
- Madirisha: vioo vipo vyote? Nyavu za mbu zimechanika wapi?
- Soketi, taa na feni: jaribu kila kimoja. Feni isiyozunguka Oktoba utailipia kwa usingizi wako Januari.
- Kitanda: kitikise. Lala juu yake. Kama ni cha juu, angalia ngazi na kile chuma cha kuzuia usianguke.
- Kabati: lina tundu la kufuli?

Chochote kibovu kiandikwe kwenye fomu kabla ya sahihi yako, na ukipige picha. Mwisho wa mwaka chumba kitakaguliwa tena, na kioo ambacho hakikuandikwa kimevunjika kitahesabika umekivunja wewe.

Kuchagua kitanda, ikiwa una nafasi ya kuchagua: kwenye dabo deka, cha chini ni rahisi kupanda lakini ndicho kitakuwa kiti cha wageni wote wa chumba. Cha juu kina faragha, ila joto hukusanyika huko. Mimi ningechukua cha karibu na dirisha, juu au chini, kwa sababu upepo ni mali Mtwara. Kama ni cha juu, nunua godoro jembamba. Godoro nene hukuinua hadi usawa wa kile chuma, na ukijigeuza usingizini hakuna cha kukuzuia.

Pima kitanda kwa utepe au hata kwa kamba kabla ya kwenda dukani. Vingi ni futi mbili na nusu kwa sita, lakini viko vya futi tatu.

Usiku wa kwanza: chandarua, halafu mazungumzo

Chandarua kinafungwa kabla giza halijaingia. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na anayetoka sehemu za baridi ambako malaria ni chache mwili wake haujaizoea. Usisubiri mbu waanze kuimba.

Kama kina dawa na ni kipya, kitoe kwenye mfuko ukitundike kivulini, kipigwe na hewa siku nzima kabla ya kukilalia. Kwenye kitanda cha chini funga kamba nne kwenye chuma cha kitanda cha juu. Kwenye cha juu utahitaji kamba mbili zinazokatiza chumba kutoka dirishani hadi mlangoni, zikazwe vizuri, na chandarua cha pembe nne, maana cha duara hukulalia usoni. Chomeka pindo lote chini ya godoro, kuanzia kichwani hadi miguuni, na uangalie kama mkono au goti halitagusa neti ukilala, kwa sababu mbu hung'ata kupitia matundu. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida bila dawa ya madoa, na ukianike kivulini. Jua kali huua dawa.

Sasa mazungumzo. Hapa ndipo ninapoomba unisikilize kuliko mahali pengine popote.

Usiku ule ambao wote mmeshafika, kabla watu hawajaanza kuzoeana na kuoneana aibu, mmoja wenu aseme: «Jamani, kabla hatujalala naomba tuongee dakika kumi, tupange tutaishije humu.» Awe wewe. Usingoje mkubwa wenu wala aliyetangulia kufika. Hakuna atakayekataa, kwa sababu kila mmoja analiwazia jambo hilo hilo na anaogopa kuonekana mkorofi. Chukueni karatasi. Semeni kuhusu mambo haya, moja moja.

Taa. Inazimwa saa ngapi, na anayetaka kusoma baada ya hapo anaendaje? Jibu la kawaida ni taa ndogo ya kitandani au chumba cha kujisomea.

Simu. Kuongea kwa sauti, muziki bila spika za masikioni, na zile simu za usiku wa manane za wapenzi. Mkubaliane ni saa ngapi mtu atoke koridoni.

Ibada. Chumba kimoja kitakuwa na anayeamka kabla ya alfajiri kuswali na anayekesha kwa maombi. Wote wana haki, na wote wanaweza kuamka kwa mtetemo wa simu na kuomba kwa sauti ya chini. Likisemwa mapema halina ugomvi. Likisemwa Machi, mtu atadhani dini yake inachukiwa.

Wageni. Wa mchana hadi saa ngapi? Wa usiku je? Na hapa mzungumzie kubebana, yaani kumlaza kitandani kwako mwenzio aliyekosa nafasi. Vyuo vingi vinakataza, na aliyebeba anaweza kupoteza kitanda chake. Najua wengi wanafanya kwa huruma, na huruma ni jambo jema, lakini wa kuamua si mmoja peke yake. Watu wanne wakilala wanane, maji yanaisha, hewa inaisha, na kitu kikipotea hakuna wa kuulizwa.

Maji na usafi. Nani anafagia lini, takataka zinatolewa na nani. Andikeni zamu kwa majina na siku, mbandike nyuma ya mlango.

Vitu. Hapa watu huwa wepesi kusema «tutumie tu vyote», na ndipo wanapokosana. Mgawe makundi mawili: vya wote, mnavyochangia, kama ufagio, sabuni ya kudekia na balbu; na vya mtu, visivyoguswa bila kuomba, kama ndoo, kandambili, mafuta, sukari na chaja. Kuomba kila mara kunachosha kidogo. Kutoombwa kunaudhi zaidi.

Ufunguo. Mahali pa kuuacha, na anayeondoka mwisho anafunga hata kama anaenda bafuni tu.

Makubaliano yakivunjwa, mwambie mhusika siku hiyo hiyo, mkiwa wawili, kwa kutaja kitu kilichotokea badala ya tabia yake. «Mwenzangu, jana taa imewaka hadi saa tisa na mimi nilikuwa na kipindi asubuhi» inasikika. «Wewe hujali wenzio» inaanzisha vita. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la chumba, na usimtume mtu wa chumba cha pili. Ukisema mara ya pili bila mafanikio, ndipo mwende kwa kiongozi wa bweni, na baadaye kwa matroni.

Maji

Usihesabu kwamba bomba litatoka saa zote. Jaza ndoo yako usiku kabla ya kulala, uifunike. Mfuniko ni kwa ajili ya mwenzio anayepita na povu la sabuni, na pia kwa ajili ya mbu wa mchana anayeleta homa ya dengi, ambaye hutaga kwenye maji yaliyotulia. Andika jina lako kwa rangi ya kucha. Kalamu ya wino hufutika.

Jua la huku huamka mapema. Mwezi Novemba huchomoza saa kumi na mbili kasoro robo hivi, na huzama saa kumi na mbili na robo. Anayeoga saa kumi na moja alfajiri haoni foleni. Anayeoga saa moja kasoro anachelewa kipindi. Fua asubuhi ya siku isiyo na vipindi, uanike mapema, uanue mwenyewe kabla ya magharibi. Nguo iliyolala kwenye kamba haina mwenyewe.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama wenyeji wanayanywa hivyo hivyo. Tumbo lako bado geni.

Umeme na moto

Soma sheria za hosteli kuhusu hita, jiko la koili, pasi na birika. Nyingi zinakataza na zina sababu. Hita ya kuning'iniza kwenye ndoo imeunguza watu: ndoo ya plastiki inayeyuka maji yakipungua, au mtu anatia mkono kupima joto kabla hajachomoa. Mtwara huna haja ya maji ya moto ya kuoga. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Jua ulipo mtungi wa kuzimia moto na mlango wa pili wa bweni, na uwe na namba 114 ya zimamoto kwenye simu.

Umeme ukikatika usiwashe mshumaa ndani ya chandarua. Ndiyo sababu nilitaja taa ya kuchaji.

Kula

Hapa utakula vizuri kuliko unavyodhani. Kwa mama ntilie utakuta wali maharage na ugali samaki kama kwingineko, lakini zoea pia vya huku: ugali wa muhogo, samaki wa nazi, mbaazi za nazi asubuhi na maandazi, pweza, na ming'oko (mizizi ya porini) iliyochemshwa, inayouzwa barabarani na chumvi yenye pilipili. Ugali wa muhogo huvutika na hushibisha haraka; anza na kidogo. Korosho za kubangua nunua kwa kipimo kidogo kwanza, uonje kama zimekauka.

Chagua mama ntilie mmoja karibu na chuo, ule kwake wiki mbili mfululizo, mfahamiane kwa majina. Siku bumu itakapochelewa, na itachelewa, yeye ndiye atakayekuwekea sahani na kuandika kwenye daftari lake. Deni hilo lilipe siku ile ile fedha inapoingia, kabla ya kiatu. Ukimdanganya mmoja, mtaa mzima wa vibanda utajua.

Mwezi wa Ramadhani vibanda vingi hufungwa mchana, maana wenyeji wengi ni Waislamu. Asiyefunga anunue chakula chake mapema na ale ndani, kwa staha. Jioni futari huwa nyingi na nzuri, na usishangae jirani akikukaribisha. Kubali.

Bumu ikiingia, toa kwanza fedha ya kodi, kopi za masomo na nauli ya kurudi nyumbani, uiweke mbali na laini unayotumia kila siku. Kilichobaki gawa kwa wiki. Siku 60 ni shilingi 600,000, na kiasi hicho kinaonekana kikubwa siku tatu tu za mwanzo.

Ukiumwa

Homa, kichwa kuuma, viungo kuuma, kutapika: kapime siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa majibu ndani ya dakika 20 hivi, na zahanati nyingi wanacho. Usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha. Kama siyo malaria utakuwa umeuacha ugonjwa wenyewe ukikua.

Ukipewa dawa mseto, mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili hufuata baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Imeze baada ya kula kitu chenye mafuta kidogo, kama karanga au chai ya maziwa, ili ifanye kazi sawasawa. Siku ya pili homa hushuka na hapo ndipo wengi huacha. Malizeni. Msichana mwenye ujauzito, au aliyechelewa kuona siku zake, amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa.

Jambo hili mliweke kwenye yale makubaliano ya chumba: mtu akilala mchana kutwa bila kula, wenzake wamwamshe na kumuuliza. Nimeona watu wakizidiwa kwa sababu chumba kizima kilidhani amechoka na masomo. Andikeni namba ya mzazi wa kila mmoja kwenye karatasi iliyo nyuma ya mlango, pamoja na namba ya matroni na ya bajaji mmoja anayekubali kuja usiku. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula. Iliyo kubwa zaidi ni ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Shughulikia bima ya afya wiki ya kwanza. Kwa miaka mingi ada yake kwa wanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kadi haitoki siku unayolipa.

Usalama

Kufuli moja ya kabati, nyingine ya begi. Andika namba ya utambulisho ya simu, unayoipata kwa kubonyeza *#06#, pamoja na ile iliyo chini ya kompyuta, uzihifadhi nje ya vifaa hivyo.

Kuna jambo moja zito. Mtu yeyote mwenye mamlaka juu yako, awe mwalimu, mfanyakazi wa ofisi au kiongozi wa wanafunzi, akikutaka kimapenzi ili akupe chumba, alama au sahihi, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha nenda kwa mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia, au piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Hukumkosea mtu yeyote na huna cha kuonea haya.

Wiki ya pili na ya tatu

Upweke huja hapa, usije ukauzoea. Wiki ya kwanza ina foleni na shughuli. Ya pili ina kimya cha jioni. Piga simu nyumbani kwa siku mlizopanga, siyo kila saa, ili upate nafasi ya kuzoeana na waliopo. Jiunge na kitu kimoja chenye ratiba: kwaya, timu, kundi la kusoma, darasa la dini. Jumamosi moja nendeni Mikindani, kilometa chache tu kwa daladala, mji wa zamani ambao Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Siku nyingine shukeni ufukweni Shangani jioni, kwa kundi, na mrudi kabla ya giza.

Ukikosa hosteli

Omba uwekwe kwenye orodha ya kusubiri na uulizie kila wiki, kwani wapo wanaoahirisha masomo na vitanda hufunguka. Wakati huo tafuta geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, na mwenzio mmoja au wawili wa kozi yako. Kakiangalie chumba mchana na urudi tena usiku, kwa sababu mtaa mtulivu wa saa sita unaweza kuwa na baa ya saa nne. Uliza maji yanatoka siku zipi, choo mnatumia wangapi, na luku ni ya kwako au ya pamoja. Kama ni ya pamoja, mgawanyo uandikwe.

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe. Dalali anapata chake pembeni baada ya ufunguo kuwa mkononi mwako. Sainianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja kiasi, tarehe na hali ya chumba, na upewe stakabadhi. Kisha mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe na uache jina na chuo chako.